Chemba Imejaa

Atuganile alizamisha mpira wa levo ndani ya chemba ya kati, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, kisha akauvuta polepole. Ulikuwa mpira mwangavu, ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa wa kuta. Aliukata kutoka kwenye vifaa vya mumewe, akaufunga kwenye ufito ili usimame wima. Alichokiona ndani yake kilimfanya abaki amechuchumaa. Maji yalikuwa kidogo mno, chini kabisa. Juu yake ilisimama oili nyeusi, urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Akapima tena. Jibu likawa lilelile.

Upande wa Mbagala mawingu yalikuwa yamelala mazito, na upepo ulikuja na harufu ya udongo uliolowa. Wenzake pale sheli walikuwa wakishukuru kwamba joto limepungua. Yeye vinyweleo vilimsimama.

Wengi waliokuja kujaza mafuta kwenye sheli ile ya Chamazi hawakujua kilichokuwa chini ya mifuniko mitatu ya chuma, pembeni ya mahali pa kuoshea magari. Maji yote machafu ya uwanja yaliingia humo. Chemba ya kwanza ilibakisha mchanga na tope. Ya pili iliyatuliza maji, mafuta yakapanda juu kama ilivyo tabia yake, na maji ya chini yakapita kwenye bomba lililopinda kwenda ya tatu, yameshatakata, ndipo yakatoka kwenda mtaroni. Siku mfumo huo ulipofunguliwa, mhandisi aliyeujenga aliwakusanya wafanyakazi wote kuwaelekeza. Wanaume walikuwa kwenye simu zao. Atuganile, aliyekuwa akipiga deki palepale, ndiye aliyesikiliza na kuuliza maswali, na mhandisi akamwambia meneja kuwa kuanzia leo mwangalizi wa chemba ni huyu mama.

"Oili ikizidi shubiri moja, waiteni wa gari la kunyonya," mhandisi alimwambia. "Usiiache ishuke hadi kwenye mdomo wa lile bomba. Ikifika pale, mvua ikija itaisukuma yote nje. Hapo hii haitakuwa chemba tena, mama. Itakuwa njia."

Na mtaro ule uliteremka moja kwa moja bondeni, kwenye nyumba zilizobanana chini ya sheli. Nyumba ya Atuganile ilikuwa ya nne.

Alifuta mikono kwenye kitambaa, akaenda ofisini.

Rogers, meneja, alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mtoto wa dada wa mwenye sheli. Mtaani angemwamkia Atuganile shikamoo na kumpokea mzigo. Ndani ya ofisi ile yenye kiyoyozi hakuwahi kumwamkia hata siku moja.

"Bosi, chemba imejaa."

"Mama Hope, umekanyaga malumalu na hayo mabuti yako."

Atuganile akarudi nyuma hadi kizingitini, akasimama nusu nje nusu ndani. "Samahani. Nasema chemba imejaa kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, yote inakwenda mtaroni."

"Si uliniambia hivyohivyo mwezi uliopita?"

"Nilikuambia. Na mwezi wa kabla yake."

"Na mvua ikanyesha. Nani alikufa?"

"Yale yalikuwa manyunyu, bosi. Sasa hivi ni masika."

Rogers akacheka kwa pua. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo, akavuta droo na kutoa daftari lenye jalada gumu. "Ila afadhali umekuja mwenyewe. Alhamisi watu wa mazingira wanakuja kukagua. Wanataka kuona daftari la chemba, na jina la mwangalizi walilonalo ni lako. Saini hapo."

Alimsogezea daftari ukingoni mwa meza, hivyo ikambidi Atuganile avue mabuti na kuingia na soksi zenye matundu. Akasoma. Tarehe mbili ya mwezi ule. Chemba imenyonywa na kusafishwa. Mwandiko ulikuwa wa Rogers, na mbele yake palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa panasema imenyonywa."

"Najua panasema nini. Nimeandika mie."

"Lakini haijanyonywa, bosi."

"Itanyonywa. Hela yake mjomba alishatoa, nimeizungusha kidogo kwenye mambo yangu. Mwezi ujao inarudi, gari linaitwa, mambo yanakwisha." Akaiweka kalamu juu ya daftari. "Mie sikulazimishi. Kuna mama mmoja wa Mbande anapitaga hapa kila Jumatatu kuulizia kazi. Majuzi ananiambia hata ufagio atakuja nao."

Kiyoyozi kilinguruma. Atuganile alimwona akilini Brightson mumewe akiwa ameketi mlangoni na nyonga yake mbovu, akamwona na binti yao Hope akirudishwa nyumbani na sare ya shule kwa kukosa ada. Akashika kalamu. Akaandika jina lake kwenye ile nafasi.

"Umeona?" Rogers akasema, akilifunga daftari. "Hata dakika haijaisha."

*

Jioni ile alimkuta Brightson akimalizia kuuza makopo ya mwisho ya mkaa pale barazani. Miaka miwili nyuma alikuwa fundi mwashi anayegombewa, hadi jukwaa lilipokatika akiwa ghorofa ya pili. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, tena si mbali.

Alingoja Hope aingie ndani kuwasha jiko, ndipo akamsimulia. Brightson alisikiliza, vumbi la mkaa likiwa limemtanda hadi kwenye kope.

"Kwa hiyo umesaini."

"Nimesaini."

Akatazama kulia na kushoto kama mtu anayeogopa kwamba hata kuta zina masikio. "Usimwambie mtu. Hata Chausiku usimwambie."

"Mtaro unapita kwake, Baba Hope. Kisima kiko uani kwake."

"Mtaro unapita kwa kila mtu. Jina lililoandikwa ni la kwako peke yako." Akasema kwa sauti ya chini, "Ingekuwa mguu huu unafanya kazi, ungemtupia kalamu yake usoni. Najua."

"Sijakulaumu."

"Ndiyo maana inaniuma."

Chausiku, jirani waliyekuwa wakimtaja, alipita wakati huohuo na ndoo ya mchicha kichwani. Alikuwa mjane, na alilima matuta kumi na mawili kando ya mtaro. Kisima chake kilinywesha nyumba sita, na hakuwahi kumdai mtu shilingi.

"Vipi mchicha, jirani?" Atuganile akamuuliza, maana kunyamaza kungeonekana vibaya.

"Umekubali mno! Mvua hii ikija ndiyo kabisa. Jumamosi napeleka sokoni Rangi Tatu. Nitakuwekea fungu."

"Haya, ahsante."

Usiku ule kila bati lilipolia kwa ubaridi, alifumbua macho akidhani ni tone la kwanza.

*

Mvua ilianza Jumatano saa saba mchana, tena kwa upole. Bodaboda walijikinga chini ya paa la sheli wakitaniana kuhusu mechi. Theonest, muuza mafuta mwenye mvi aliyekuwa na zamu kwenye pampu, alivuta koti lake la mvua. Atuganile alisimama na ufagio, macho kwenye ile mifuniko mitatu.

Alijua la kufanya. Ndani ya chemba ya tatu, kwenye bomba la kutokea, kulikuwa na koki. "Siku ya balaa, funga hii," mhandisi alimwambia. Ikifungwa, hakuna tone litakalotoka kwenda mtaroni. Lakini maji yasipotoka yangekwenda wapi? Yangepanda uwanjani, yakaifikia mifuniko ya matangi yaliyozikwa chini ya pampu. Maji yakiingia humo, petroli na dizeli ya mamilioni imekufa. Nani angesimama mbele ya mwenye sheli kujibu? Mfagiaji.

Akajiambia, pengine itakatika. Mvua ikaongezeka. Akajiambia tena, tungoje kidogo. Sasa paa lilikuwa likivuma kiasi kwamba bodaboda walilazimika kupiga kelele ili wasikizane. Maji ya barabarani yakaruka ukingo na kumiminika uwanjani kama yaliyoalikwa, yakielekea yote chembani.

Ndipo alipoona rangi. Pale bomba lilipomwaga mtaroni, maji ya udongo yalikuwa yamekatwa na ukanda mweusi, mzito, unaoserereka. Pembezoni uling'aa zambarau na kijani. Ukapita, ukapinda kwenye kona, ukashuka bondeni.

Ilikuwa saa nane kasoro. Hope alikuwa njiani kutoka shule, na kazi yake ya kwanza akifika nyumbani ilikuwa kuchota maji.

Atuganile akatupa ufagio, akakimbia mvuani. Aliinua mfuniko wa tatu peke yake, kitu ambacho siku nyingine hufanywa na watu wawili, akalala kifudifudi na kuuzamisha mkono hadi begani. Koki ilikuwa imeng'ang'ana kwa kutu. Akaisukuma, ikamchana kiganja. Akaisukuma tena huku shavu likigusa maji yale yanayonuka, akisema peke yake, "Geuka, geuka, geuka wewe!" Ikageuka. Akahesabu mizunguko minane hadi ikagoma. Alipoinua kichwa, ukanda mweusi mtaroni ulikuwa umekatika.

Lakini nyuma yake maji yalikuwa yameanza kupanda, na yalikuwa na utando unaonuka petroli.

"Theonest! Zima pampu! Zima umeme wote!" Akawageukia bodaboda. "Nyie, mtu asiwashe pikipiki! Sigara hiyo, zima! Mnataka tuungue?"

Labda ni sauti, labda ni uso wake uliopakwa weusi nusu. Walitii. Theonest akaivuta swichi kuu, taa za pampu zikafa. Kiyoyozi kilipozima, Rogers akatoka ofisini, akasimama kwenye ngazi.

"Nani kazima umeme? Na haya maji vipi?"

"Nimefunga koki, bosi. Oili ilikuwa inakwenda kwa watu."

"Umefunga?" Akatazama maji yanavyosogelea mifuniko ya matangi. Uso ukamsawijika, na kwa mara ya kwanza Atuganile akaona kwamba na yeye ni mtoto anayeogopa. "Fungua! Fungua sasa hivi! Maji yakiingia kwenye matangi mjomba ananiua!"

"Sifungui."

"Nakuamuru!"

"Basi njoo ufungue mwenyewe. Iko humu, chini." Akamwonyesha chemba, na maji meusi yaliyofurika juu yake. Rogers akaitazama, akavitazama viatu vyake vyeupe. Hakushuka ngazi.

"Maji mengi ni ya barabarani," Atuganile akasema, akimgeukia Theonest. "Tukiziba pale pa kuingilia, yatasimama. Kuna viroba vya mchanga vilivyoachwa na mafundi kule nyuma."

Wakaanza kubeba wawili. Kiroba kilicholowa ni kizito kama maiti. Cha tatu, mmoja wa bodaboda akaweka pikipiki yake pembeni na kuja. Kisha wengine wakaja, wakipokezana hadi ukuta mfupi ukasimama mlangoni mwa uwanja na maji ya barabarani yakaanza kupita mbali. Atuganile alichuchumaa kwenye mfuniko wa tangi la petroli, akaweka vidole kati ya maji na ukingo. Vidole vitatu. Baadaye vidole viwili. Hapo yakabaki, yakipumua juu chini, kwa muda ambao aliuona kama siku nzima, na katika muda huo aliomba kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hakuwa ameitumia kwa Mungu tangu utoto.

Saa tisa mvua ilianza kupungua. Vidole viwili vikabaki viwili.

Rogers aliteremka uwanja ulipokuwa salama. Hakumtazama usoni. "Kazi basi," akasema. "Meneja ni mmoja hapa. Vua koti, vua na mabuti. Ni mali ya sheli."

"Hapahapa, bosi?"

"Hapahapa."

Akavua koti. Akaegemea pampu, akavua buti moja, kisha la pili, mbele ya wanaume wote wale waliogeukia kwingine. Soksi zilizotoboka zililowa mara moja, akazivua na kuzikunja mkononi. Alipofika mwisho wa uwanja, Theonest alimfuata kama anayekwenda kukojoa.

"Dada, koki hiyo haiguswi," akanong'ona. "Zamu yangu ni mpaka kesho asubuhi. Nakuapia kwa mama yangu."

*

Aliteremka peku akifuata mtaro. Kila alipokanyaga, kitu kiliteleza katikati ya vidole. Kwenye majani yaliyoinamia maji palikuwa na mstari mweusi, kama uliochorwa kwa brashi. Kwenye kalavati, pale mifuko ya plastiki ilipoziba, mtaro ulikuwa umefurika na kupita juu ya matuta ya Chausiku. Mchicha ulikuwa umelala, unang'aa.

Alianza kukimbia.

Nyumbani sufuria ya maharage ilikuwa ikitokota. Hope alikuwa amekwisha kubadili sare, akipepea jiko.

"Maji haya umechota lini?"

"Mvua ilipopungua tu, mama. Leo kisima kimejaa hadi juu! Hata kamba sikuitumia, nimechota kwa mkono."

Atuganile akafunua sufuria. Juu ya mchuzi vilielea viduara vidogo vinavyong'aa, kama mafuta ya supu, ila hapakuwa na mtu aliyetia nyama. Akainyanyua sufuria ya moto kwa upindo wa gauni, akaimwaga yote nje.

"Mama!"

"Umekunywa?"

"Hapana. Nimenawa tu... Mama, unanitisha."

Brightson alitokea mlangoni akiegemea fimbo, akayatazama maharage mavumbini, akautazama uso wa mkewe.

"Nani mwingine amechota?" Atuganile akauliza.

"Wote," Hope akasema. "Wote wamechota."

Alipogeuka kutoka, Brightson alimshika mkono. "Waambie maji yameharibika. Basi. Usiseme zaidi ya hapo. Tafadhali, Mama Hope. Watakuua."

Uani kwa Chausiku kulikuwa na wanawake saba au wanane wakikizunguka kisima, kila mmoja akinusa ndoo yake. "Ni mafuta haya," Monica, mwalimu wa chekechea, alikuwa akisema. "Lazima kuna lori limepinduka huko juu."

"Litakuwa lori," Chausiku akakubali. Alikuwa ameshika shina la mchicha na kulisugua kwa kidole gumba. Alipomwona Atuganile akasema, "Jirani, wewe unatoka huko juu. Ni lori?"

Neno lilikuwa limeshaandaliwa. Alihitaji kuitikia tu. Lori halina jina, halina nyumba ya nne kutoka mtaroni. Alilihisi mdomoni likiwa jepesi, tayari.

"Si lori," akasema. "Ni sheli. Ni chemba yetu ya mafuta, imejaa tangu mwezi wa pili. Mie ndiye mwangalizi wake. Juzi nimesaini daftari la wakaguzi wanaokuja kesho kwamba imesafishwa, na haikusafishwa. Leo mvua ilipoanza nilisimama nikiogopa kuifunga. Nimekuja kuifunga imeshatoka. Mwageni maji yote. Msinywe, msipike, msiogeshe watoto."

Ndoo mbili tatu zikamwagwa palepale.

"Nimeshamwogesha," Hamisa akasema. Alikuwa mama wa miaka ishirini, na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Akamteremsha haraka, akamfunua. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, na kifua kimevimba vipele. "Nimeshamwogesha mwanangu! Sasa hivi!" Akamrukia Atuganile na kuikwida shingo ya gauni lake kwa mkono mmoja, mtoto akiwa mkono wa pili. Kitambaa kikachanika. Atuganile hakujitetea. Ni Monica aliyewatenganisha, akamwambia Hamisa, "Zahanati kwanza! Ugomvi hauondoki!" Wakatoka mbio wote wawili.

Waliobaki wakamwangalia. Kumbe Brightson alikuwa amejikokota hadi pale, amesimama upenuni na fimbo yake, mtu asiyeweza kumkinga mtu.

"Ulijua tangu lini?" Chausiku akauliza. Hakupaza sauti.

"Kwa wasiwasi, tangu mwezi wa pili. Kwa hakika, tangu juzi."

"Juzi jioni ulinisalimia. Ukaniuliza habari za mchicha."

"Nilikuuliza," Atuganile akasema.

"Nikakuahidi na fungu," Chausiku akasema.

Hamisa alirudi jua linazama. Mganga wa zahanati alikuwa amemsafisha mtoto macho na kumpa dawa ya kupaka. Alisema apumue vizuri hadi asubuhi ndipo waseme amepona. Hamisa aliyasema hayo akitazama ukuta. Chausiku ndiye aliyemgeukia Atuganile, aliyekuwa bado ameketi peke yake kwenye jiwe la kufulia.

"Kesho hao wakaguzi wanakuja?"

"Ndiyo."

"Utakwenda kuyasema uliyoyasema hapa. Yote, na la saini usiliache. Mie nitakuwa nyuma yako. Ukigeuza maneno, sina jirani."

*

Waliokuja walikuwa mwanamama mmoja wa makamo, amevaa mabuti, na kijana wa kuchukua sampuli. Rogers alikuwa na shati jipya. Daftari lilikuwa limeshafunguliwa juu ya boneti la gari lao, na maji ya jana yalikuwa bado yamesimama uwanjani, kwa kuwa koki ilikuwa haijaguswa.

Atuganile alisogea na kandambili za Hope.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa yule hakumzidi umri. "Hilo daftari ni la uongo."

"Msimsikilize," Rogers akadakia. "Huyu jana nimemfukuza kazi. Ana kisirani tu."

Mkaguzi alimtazama Rogers, kisha akamtazama yeye, mikwaruzo ya kiganja na gauni lililoshonwa shingoni. "Wewe ndiye Atuganile wa humu ndani?"

"Ndiye mie."

"Kwa hiyo saini ni yako."

"Ni yangu."

"Unaelewa kwamba ukisema ni ya uongo, unajiingiza na wewe? Sitaweza kuandika kosa la mwenzio nikaliacha la kwako."

Nyuma yake alimsikia Chausiku akivuta pumzi. Hakuthubutu kugeuka. Alifikiria polisi, akamfikiria Hope, akaona njia ya kurudi ikiwa bado wazi, fupi, ya neno moja tu.

"Naelewa," akasema.

"Haya. Chemba ina oili kiasi gani?"

"Jumatatu ilikuwa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Leo imepungua. Iliyopungua iko kwenye kisima chetu."

Theonest hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshainua mfuniko wa kati.

Haikuchukua muda mrefu. Mkaguzi alipima, akaandika, akapiga picha, akashuka hadi kwenye kalavati na kurudi na mabuti yenye mstari mweusi. Utepe ulifungwa kwenye pampu. Sheli ingebaki imefungwa mpaka chemba inyonywe mbele ya macho yao, na mwenye sheli mwenyewe angefika ofisini kwao, si mpwa wake. Rogers alikuwa pembeni na simu sikioni, akirudia, "Ndiyo, mjomba. Hapana, mjomba," kwa sauti nyembamba. Kisima kilipigwa marufuku. Hadi lini, Atuganile aliuliza. Kijana wa sampuli akatikisa kichwa, akasema vipimo ndivyo vitakavyosema, inaweza kuwa miezi.

Naye akapewa karatasi yenye jina lake. Jumatatu saa tatu asubuhi, kuhojiwa.

"Njoo na mtu," mkaguzi alimwambia, akilainisha sauti kidogo. "Na ulifunga koki. Nimeliandika na hilo." Kuhusu kazi yake hakuna aliyetia neno.

Walirudi bondeni Chausiku akiwa mbele, yeye nyuma. Matuta kumi na mawili yalikuwa yameshang'olewa tangu alfajiri, mchicha umerundikwa kama takataka. Mtoto wa Hamisa alisikika akilia ndani, kilio kizima cha mtoto mwenye njaa, na Atuganile akasimama kukisikiliza.

Chausiku naye akasimama. "Bomba la maji la karibu sasa ni lile la kule juu, karibu na uwanja wa mpira," akasema akitazama mbele. "Mwendo wa nusu saa. Wanafungua saa kumi na moja alfajiri."

"Nalijua."

"Una madumu mangapi?"

"Mawili."

"Njoo nayo. Na la Hamisa utabeba wewe, yeye ana mtoto."

"Nitabeba."

"Usichelewe. Mie simngojei mtu." Akaingia uani kwake, akafunga mlango wa mabati.

Atuganile akaikunja karatasi ya Jumatatu. Kisha akateremka kwenda kutafuta madumu.